Mtumishi Asiyedai Ujira

Baba mmoja wa Mtoni, upande wa Temeke, alituletea swali ambalo tumelichukua kwa uzito, ingawa yeye alilisema nusu kwa mzaha. Wakati wa masika, choo cha shimo cha nyumba anayopanga kilipojaa, alifanya kama wafanyavyo majirani zake wengi. Alitoboa ukuta wa shimo upande wa bondeni, akangoja mvua kubwa, akaacha uchafu uchukuliwe na maji mpaka mferejini, na kutoka mferejini mpaka Mto Kizinga, na kutoka mtoni mpaka baharini. Watu wa Dar es Salaam huliita jambo hilo kutapisha choo. Miaka ya nyuma alilifanya usiku, kwa aibu. Safari hii hakuona aibu, kwa sababu mwanawe aliyeko sekondari alikuwa amemweleza kwamba baharini wamo bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hula uchafu wa kila namna, hata mafuta ya meli, na kwamba wataalamu wa nchi kubwa huwatumia kusafishia bahari. "Basi," alituambia, "nikajiona ninawapelekea chakula. Je, nimekosa?"

Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, maana swali la baba huyu ndilo swali la wenye viwanda, la halmashauri za miji, na la mataifa makubwa yenye meli za mafuta, ila wao hulivika suti na kuliweka mezani. Kila mwenye kuchafua angependa kuambiwa kwamba nyuma yake yuko mtumishi anayefagia, asiyechoka, asiyelaumu wala kudai ujira. Habari hiyo ikiwa ya kweli, dhamiri yapata kulala. Yatupasa kuuliza kama ni ya kweli, na hata ikiwa ya kweli, kama dhamiri ina haki ya kulala.

Kwanza tuseme wazi kwamba kijana hakumdanganya babaye. Katika mililita moja ya maji ya bahari, yaani matone ishirini hivi, mna bakteria wapatao milioni moja, na katika tope la mikoko wamo wengi kuliko hao mara nyingi. Hao ndio waozeshao mzoga wa samaki, jani lililoanguka na kila kifacho baharini, wakakirudisha kuwa chakula cha mimea. Pasipo wao bahari ingekuwa ghala la mizoga tangu zamani za kale. Na wako kati yao ambao chakula chao ni mafuta hasa. Mmoja wao alipewa jina na wataalamu mwaka 1998, Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya. Katika maji safi ni nadra kumwona, lakini mafuta yakimwagika huzaana upesi hata akawa ndiye mwenye mji.

Wanadamu wamekwisha kuwatumia viumbe hao. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, zikamwagika lita zaidi ya milioni 40 za mafuta ghafi. Pamoja na kazi ya majembe, ndoo na maji ya moto, wataalamu walinyunyizia mbolea kwenye fukwe zilizopakwa mafuta. Mbolea hiyo haikuwa ya mmea. Ilikuwa ya bakteria, ambao walikuwa na mafuta tele ya kula lakini walikosa naitrojeni na fosforasi, kama mtu aliyepewa ugali pasipo kitoweo. Walipopewa kitoweo walikula kwa bidii zaidi. Tena mwaka 2010 kisima cha Deepwater Horizon kilipopasuka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa na mafuta yakatoka kwa siku 87, bakteria wa vilindini waliongezeka wenyewe na kula sehemu ya mafuta na gesi iliyokuwa imetawanyika majini.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, magari ya kunyonya majitaka yamekuwa yakimwaga mzigo wake katika mabwawa ya Vingunguti, na apitaye hapo huona maji ya kijani yaliyotulia, hudhani hapafanyiki kitu. Kumbe ndipo penye kazi. Mimea midogo ya kijani, kwa nguvu ya jua, hutoa hewa ya oksijeni ndani ya maji; bakteria huivuta hewa hiyo na kula uchafu; na jua pamoja na siku nyingi za kukaa bwawani huua viini vya maradhi. Mabwawa kama hayo yako pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mashine ni chache mno, na wafanyakazi wakuu ni hao tusiowaona.

Na kati ya mwaka 2005 na 2008 lilifanyika jambo ambalo twaona halikupata kusimuliwa ipasavyo kwa watu wa kawaida. Watafiti wa Ulaya na wa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwao, walichunguza mikoko iliyo kando ya miji, ya Dar es Salaam, ya Mikindani huko Mombasa, na ya Maputo, wapate kujua kama yaweza kuchuja majitaka ya majumbani. Katika mikoko ya Jangwani Beach, wilayani Kinondoni, walitengeneza vitalu miongoni mwa miche, wakavinywesha majitaka kwa vipimo mbalimbali, vingine maji matupu ya bahari, vingine majitaka matupu, na vingine mchanganyiko. Wakawaangalia hata kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao watoto wa pwani huwakimbiza wakati wa maji kupwa. Kaa hao huchimba mashimo, na kila shimo ni kama dirisha. Huingiza hewa ndani ya tope, na palipo na hewa bakteria hufanya kazi. Hivyo mti, kaa na kiumbe asiyeonekana hushirikiana kama watu wa nyumba moja. Tulipoyasoma hayo tuliona fahari kidogo, kwa kuwa aghalabu twasikia maarifa yakitoka ng'ambo kuja kwetu, na hapa tope la Kinondoni ndilo lililokuwa mwalimu.

Basi baba yetu wa Mtoni ameshinda kesi? Hapana. Kijana wake alisoma nusu ya ukurasa.

Nusu ya pili yasema hivi. Bakteria wanaosafisha maji upesi huvuta hewa kama sisi. Ukiwapa chakula kidogo, hula wakamaliza, na maji yakabaki na hewa yake. Ukiwapa kingi kupita kiasi, huzaana kwa mamilioni, wakaivuta hewa yote iliyomo majini, na samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Ndipo wanapokuja bakteria wa namna nyingine, wasiohitaji hewa, ambao kazi yao ni ya polepole, na moshi wa jiko lao ni ile harufu ya mayai yaliyooza. Mtu apitaye Daraja la Selander wakati maji yamekupwa, pale Mto Msimbazi unapotoka kati ya mikoko baada ya kushuka kutoka vilima vya Pugu na kupita nyuma ya nyumba za maelfu ya watu, hahitaji kufundishwa jambo hili. Watumishi wako pale kwa wingi usiohesabika. Ubaya ni kwamba wameelemewa.

Tena wako walao mafuta lakini hawawezi kuyafikia. Huko Alaska, hata baada ya miaka zaidi ya 20, mafuta yalikuwa bado yamejificha chini ya kokoto za fukwe, mahali pasipo hewa ya kutosha, kana kwamba yamemwagika juzi. Mombasa nao wanajua. Mafuta yalipomwagika katika hori ya Makupa mwaka 1988 mikoko ilikauka, na mkoko haurudi kwa msimu mmoja.

Na yako mambo ambayo hakuna kiumbe awezaye kuyala. Risasi itokayo katika betri kuukuu ni risasi leo na itakuwa risasi kesho. Bakteria aweza kuibadilisha hali au kuihamisha, wala hawezi kuiondoa duniani. Watafiti waliopima mchicha uliostawishwa katika bonde la Msimbazi wamekuta madini mazito ndani yake. Mchicha huo haukaguliwi na mtu sokoni. Hukatwa, hukaangwa na kitunguu, ukaliwa na watoto. Kwa upande wa plastiki, mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria waliyempata katika mji wa Sakai, alaye plastiki ya chupa za maji. Habari ilipokelewa kwa shangwe kuu. Lakini alihitaji majuma sita hivi, katika joto la maabara, ili amalize utando mwembamba tu. Nchi yetu haikumngoja. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na kila mama alijua siku ile ile kurudi kwenye kikapu. Sisi twaona sheria ile, pamoja na kasoro zake, ilifanya kazi kuliko bakteria wa Sakai.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo lililombadilisha baba yule uso tulipomweleza. Bakteria wa kipindupindu naye ni mwenyeji wa maji ya pwani. Huishi mahali maji ya mto na ya bahari yanapokutana, akijishikiza kwenye viumbe wadogo waeleao. Hahitaji kuletwa na meli. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa ulipoanza Dar es Salaam, ulianzia Kinondoni, ukaenea mjini na kisha katika mikoa mingi ya nchi, na walioufuata mwendo wake walijua kwamba kinachoupeleka kutoka nyumba hadi nyumba ni choo kilichofunguka na kisima kilicho jirani. Hivyo katika maji yale yale mna anayesafisha na mna anayeua. Hawatupendi wala hawatuchukii. Hula wapatacho. Mwenye kusema "bahari itajisafisha" amewafanya viumbe wasio na hiari wawe na wema, na yeye mwenye hiari akajivua wajibu. Amebadilishana nao mahali.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba bahari ingejisafisha kweli, yote, pasipo kubakiza kitu. Je, hapo ingekuwa halali?

Sisi twajibu kwamba lisingekuwa halali hata hapo, na sababu yetu ni muda. Kati ya siku uchafu unapotoka shimoni na siku unapokwisha kuliwa, yako majuma, pengine miezi. Katika muda huo maji hayakai bila watu. Kina mama na watoto hushuka wakati wa bamvua kuokota kombe na tondo katika tope. Wavuvi husimama majini mpaka kiunoni. Vijana huoga. Mwenye kutapisha choo hajaufuta uchafu wake. Amewakopesha watu wasiomjua, bila kuwauliza, na deni litalipwa na matumbo ya watoto wao kabla bakteria hawajamaliza kazi. Mtu akiiba ng'ombe, kisha ng'ombe wa jirani wakazaa mpaka zizi likajaa tena, je, wizi umefutika? Mali imerudi, lakini aliyeirudisha si mwizi. Mafundisho ya zamani kuhusu malipizi yako wazi, kwamba aliyedhulumu ndiye arudishaye, na majuto yasiyorudisha kitu hayajatimia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, na mtu akaaye Dar es Salaam hupata tabu kuvitenganisha viwili hivyo, maana hupita katika mfereji mmoja.

Lakini hatukutaka kumtwika baba wa Mtoni mzigo wa mji mzima. Yeye mwenyewe alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. "Hata hao wa katikati ya mji," alisema, "bomba lao la vyoo laishia baharini." Ni kweli. Majitaka ya katikati ya jiji, tangu zamani, yamekuwa yakipelekwa na bomba mpaka baharini upande wa Ocean Road. Tofauti ni kwamba kule hufanyika chini ya ardhi, kwa mfumo na kwa stakabadhi, na Mtoni hufanyika kwa nyundo na mvua. Mtu akituambia kwamba la kwanza ni uhandisi na la pili ni ushenzi, twaomba atueleze bakteria hutambuaje.

Akaendelea kutukumbusha habari nyingine. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, nzi na harufu ya jalala la jiji, walilishtaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Baraza liliomba kuongezewa muda likidai halina mahali pengine pa kutupa. Jaji Lugakingira akalitazama jambo lile kuwa ni la haki ya kuishi, ambayo Katiba inaitaja. Ilikuwa hukumu ya heshima kubwa, na sisi hatuchoki kuisifu. Lakini taka zilikwenda wapi? Zilikwenda Vingunguti, kando ya Msimbazi. Na zilipotoka Vingunguti, zikaja Mtoni. "Zikaja kwetu," alisema baba yule, na mzaha ulikuwa umekwisha katika sauti yake. Baadaye zikapelekwa Pugu Kinyamwezi. Kila mara ulipatikana mtaa mwingine wa watu wasio na wakili. Mtu aliyemwagiwa taka za jiji zima mlangoni pake, miaka kadhaa, ndiye leo tunayemwambia asimwagie wa chini yake. Tuna haki ya kumwambia, lakini tuseme kwa sauti ya chini.

Twageuka sasa kwa wenye nguvu, ambao kwao neno bakteria limekuwa neno la biashara. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja mzaliwa wa India, Ananda Chakrabarty, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, aliomba hati ya kumiliki bakteria aliyemtengeneza kwa kuunganisha ndani yake uwezo wa kula vitu mbalimbali vya mafuta. Ofisi ya hati ilikataa kwa sababu kiumbe hai hakimilikiwi namna hiyo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, na tarehe 16 Juni 1980, kwa majaji watano dhidi ya wanne, akapewa. Tangu siku hiyo kiumbe hai kilichotengenezwa na mtu chaweza kuwa mali ya mtu mbele ya sheria yao, kama taa au kufuli. Twataja hesabu ya majaji kwa sababu hutufundisha kitu. Watu tisa wenye akili, waliosoma sheria ileile, walipungukiwa kura moja tu jambo hilo likataliwe.

Hatumlaumu mtaalamu yule; alitaka kusafisha bahari. Wala hatusemi kwamba kutengeneza dawa kutokana na viumbe ni haramu, maana hata chachu ya mkate na ya tembo la mnazi ni kiumbe. Tunachokihofu ni kile kifuatacho. Kitu kikiwa na mwenyewe, huwa na bei. Kikiwa na bei, mwenye fedha hukinunua. Naye akishakinunua hudhani amenunua na ruhusa. Kiwanda kitaweka mapipa ya bakteria kando ya bomba lake na kuandika ukutani kwamba kinapenda mazingira, na bomba litaendelea kutoa. Baba wa Mtoni alipumzisha dhamiri yake kwa maneno ya mwanawe. Wenye viwanda wataipumzisha yao kwa ankara iliyolipwa. Bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na mwisho wake ni bahari yetu. Hapa Kigamboni lile la kwenda Ndola limekuwapo tangu mwaka 1968. Itakapotokea siku watu wa pwani waambiwe wasihofu kwa sababu wako bakteria, na waulize kwanza nani atakayelipa mbolea, nani atakayewalisha wavuvi wakati wa kungoja, na nani atakayechukua tope lisiloliwa.

Na kabla hatujawasifu watumishi wasioonekana, wako wanaoonekana ambao hatuwaangalii. Katika mitaa ya Manzese, Tandale, Keko na mingineyo, ambako vichochoro havipitishi gari, wako vijana wanaoshuka shimoni kwa miguu, usiku, na ndoo na koleo, wakautoa uchafu kwa mikono. Mji umewapa jina la vyura. Aliyewapa jina hilo hakufikiri sana, au alifikiri kupita kiasi. Wengine huingia wamekwisha kunywa pombe kali, maana akili timamu hukataa. Hushika vipande vya chupa na sindano. Na wakishalipwa hakuna anayetaka kula nao sahani moja. Hao nao hudai ujira mdogo kuliko kazi yao. Twatafuta mtumishi asiyedai kitu chochote mpaka vilindini mwa bahari, na huyu anayedai haki yake kidogo tunampunja mlangoni. Kama maarifa ya bakteria yana faida ya kwanza kwetu, na iwe kwa vijana hao, ili shimo lijengwe vizuri, uchafu ukae na kuliwa humo humo kwa miaka, na atakayekuja kulifungua akute udongo, asikute sumu.

Hapo twarudi kwa baba yetu. Tulimwambia kwamba amekosa, ila kosa lake lina washirika. Mwenye nyumba hupokea kodi ya vyumba sita na hajachimba shimo la pili. Mtaa umeacha nyumba zijengwe mpaka gari la majitaka halina pa kupita. Jiji limeziacha nyumba nyingi mno nje ya mabomba. Kila mmoja wa hao ameliweka jiwe lake katika ukuta ambao yeye aliutoboa. Hata hivyo nyundo ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa na njia nyingine, ngumu na ya gharama, lakini njia. Wako majirani wanne wanaotumia mfereji ule ule. Wangechanga.

Alijibu kwamba majirani hawatachanga, kila mmoja atangoja mvua. Ndipo tulipomwuliza swali moja tu. Je, anamjua mtu yeyote anayeokota kombe kule chini, upande wa Mtoni Kijichi?

Alikaa kimya. Nje lilipita gari la mchanga, na tulingoja mpaka lilipopita.

"Shemeji yangu," akasema. "Kila bamvua. Huja na watoto wake, na akirudi hutupitishia sufuria."

Hatukuongeza neno. Yeye ndiye aliyeongeza, baada ya kunywa chai. Alisema atazungumza na wale wanne katika jumuiya Jumamosi, wachimbe shimo moja la pamoja karibu na barabara, mahali gari linapofika, na lenye kuta za matofali mpaka chini. Fedha ya saruji ndiyo tatizo, na kiwanja ni cha mwenye nyumba, ambaye anakaa Kinondoni, katika nyumba iliyounganishwa na bomba, na haji ila mwisho wa mwezi. Akatuomba jambo moja, kwamba maneno haya tuyaandike, tena tuyaandike mahali yatakapoonekana, kwa sababu mwenye nyumba wake hununua gazeti hili kila Jumapili nje ya kanisa.